Likizo Bodrum bila kuliwa hela: mwongozo wa rasi nzima, hatua kwa hatua

Tangu turudi Bodrum simu yangu haijapumzika, binamu anauliza, jirani anauliza, mpaka fundi wangu wa cherehani ana dada yake yuko Dubai na yeye anataka kwenda, kwa hiyo nimeona bora niandike yote kwa pamoja niwe namtumia kila anayeuliza. Nimeenda mara 2. Ya kwanza Agosti, mimi na mke wangu, tukapigwa na jua na bei kwa wakati mmoja. Ya pili mwisho wa Septemba, na watoto na mama mkwe, na hiyo ndo ilikuwa likizo yenyewe. Hela tuliyotumia mara ya pili tukiwa watu 5 haikuachana sana na ile ya watu 2.

Kwanza uelewe unakwenda wapi, maana hapa ndo wengi wanapotea. Bodrum ni mji, lakini ni jina la rasi nzima vilevile, iko kusini magharibi mwa Uturuki, mkoa wa Muğla, imechomoza kwenye bahari ya Aegean ambayo ni mkono wa Mediterania. Zamani mji wenyewe ukiitwa Halikarnassos, ndo alikozaliwa Herodotus, yule Mgiriki wa karne ya 5 KK wanayemwita baba wa historia. Kuizunguka rasi kuna vijiji na vimji kibao na kila kimoja kina tabia yake. Mtu anabuku hoteli ya kila kitu humohumo, anakaa siku 7 anaangalia bwawa la kuogelea, akirudi anakwambia aah Bodrum kawaida tu. Hajaiona Bodrum huyo, kaona bwawa.

HATUA YA 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua hoteli

Julai na Agosti achana nazo kama una uhuru wa kuchagua. Joto linapita 35, Waturuki wenyewe shule zimefungwa wako likizo, barabara ya kuingia mjini ni foleni, na kitanda cha jua unakigombania kama siti ya daladala saa 11 jioni. Mei na mwanzo wa Juni pazuri, milima bado ya kijani, ila maji ya bahari yako kama nyuzi 20 hivi na sisi tuliozoea Bahari ya Hindi tukiingia hapo meno yanagongana. Mi nasema nusu ya pili ya Septemba mpaka mwanzo wa Oktoba. Bahari imeshapashwa moto miezi yote ya kiangazi, watoto wa shule wameondoka, bei zinaanza kushuka, na wenye migahawa wana muda wa kukaa na wewe wakapiga stori. Ukifika mwisho wa Oktoba biashara nyingi za ufukweni zinafungwa, kwa hiyo usichelewe sana.

Angalia na tarehe za Eid. Eid ikiangukia kiangazi nusu ya Istanbul inahamia kule, na hapo hata pesa unayo chumba hupati.

HATUA YA 2: Viza na tiketi

Viza ya Uturuki ya mtandaoni ipo, lakini kwa pasi za nchi nyingi za Afrika inakuja na sharti, uwe na viza hai au kibali cha kuishi cha Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza 1 ya pamoja), Uingereza, Marekani au Ireland. Ndo maana ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanaiona rahisi na aliyeko Dar au Nairobi anaambiwa nenda ubalozini. Tumia tovuti ya serikali yenyewe, ile inayoishia na gov.tr, kwa sababu zinazofanana nayo zimejaa na zinakutoza mara mbili tatu kwa kujaza fomu ambayo ungejaza mwenyewe kwa dakika 10. Na soma kama viza yako ni ya kuingia mara 1 au zaidi, nitakwambia huko mbele kwa nini.

Kutoka Nairobi au Dar mpaka Istanbul ni kama saa 7 angani, halafu unaunganisha ndege ya ndani ya saa 1 na kitu mpaka uwanja wa Milas-Bodrum. Sasa sikiliza hapa. Istanbul ina viwanja 2, mmoja uko upande wa Ulaya na mwingine, Sabiha Gökçen, uko upande wa Asia. Safari ya kwanza mimi nilijifanya mjanja nikanunua tiketi ya ndani kivyangu kwa bei poa, sikuangalia uwanja, tukatua Ulaya na ndege ya Bodrum inaondokea Asia. Tulivuka jiji zima na mabegi, jasho linatutoka, mke wangu kaninunia mpaka Bosphorus, ule mkondo wa bahari unaogawa jiji, tunaipita hata picha hajapiga. Ndege tuliikuta imeshafunga. Kwa hiyo tiketi 1 mpaka mwisho, au hakikisha herufi za uwanja wa Istanbul kwenye tiketi zote 2 ni zilezile.

Raha nyingine ni kwamba saa za Uturuki ni sawasawa na za Afrika Mashariki, mwaka mzima. Hakuna usingizi wa kuchanganyikiwa, ukifika umefika.

HATUA YA 3: Usilale mjini (au lala usiku 2 tu)

Uwanja wa ndege uko kama kilomita 36 kutoka mjini. Kuna mabasi yanayosubiri ndege zinapotua, panda hayo, teksi itakutafuna na likizo haijaanza.

Sehemu za kulala, kwa maoni yangu mimi. Bodrum mjini ni kwa ajili ya ngome, mitaa myeupe yenye bogainvilia, na makelele ya usiku. Gümbet ni ya vijana na muziki mpaka alfajiri, kama una mama mkwe usithubutu. Türkbükü na Yalıkavak ni za wenye boti, ukiona bandari ya Yalıkavak utadhani meli za kitalii kumbe ni za mtu mmoja mmoja. Bitez na Ortakent ni za familia, maji yanaanza kina kifupi na watoto wanacheza bila wewe kushika roho mkononi. Gümüşlük upande wa magharibi ni kijiji cha wavuvi, kimya, jua linazama mbele ya macho yako. Sisi safari ya pili tulilala Ortakent, kwenye pansiyon, ndo nyumba za wageni za kifamilia, asubuhi mama mwenye nyumba anakuletea zeituni, jibini, nyanya, asali na mkate wa moto na chai haiishi. Tafuta hizo, jina lake ni hilohilo pansiyon.

Majengo ya kule utaona karibu yote meupe na mafupi, ni sheria, hawaruhusu maghorofa. Na ukipita mashambani utaona vijengo vyeupe vya mviringo kama kuba limekaa chini. Hivyo ni matangi ya zamani ya kukinga maji ya mvua, maana rasi ile haina mito ya maana. Mtu wa Lamu ataelewa haraka, ni majabia hayo.

HATUA YA 4: Jifunze dolmuş

Hii ndo siri ya rasi nzima. Dolmuş ni daladala, ni matatu, ni kipanya, ita unavyotaka. Zinatoka stendi ya katikati ya mji kwenda kila kijiji, mbele zimeandikwa zinakokwenda, na nauli ni ndogo ukilinganisha na teksi. Jina lenyewe maana yake ni kitu kilichojazwa, na ukipanda saa ya jioni utakubali. Kuwa na hela ndogo na kadi pia, maana malipo yanabadilika. Ukitaka kushuka unasema "inecek var", yaani kuna anayeshuka, sauti ileile ya kwetu ya "shusha!" Mama mkwe siku ya kwanza alikuwa anaogopa, siku ya 3 ndo alikuwa anapiga kelele kwa niaba ya abiria wote. Ila usichanganye stendi hii na ile ya mabasi ya mikoani, ni sehemu tofauti, uliza kabla hujaburuta begi.

Gari la kukodi linafaa kama mko wengi na mnataka kuzunguka vijiji, lakini maegesho mjini ni vita. Sisi tulikodi siku 1 tu ikatosha.

HATUA YA 5: Asubuhi 1 nzima ya ngome, usikwepe

Najua, unasema mi sijaenda kuangalia mawe, nimeenda kuoga bahari. Nenda ngome. Nenda inapofunguliwa tu asubuhi, kabla jua halijapanda, ubebe maji na viatu visivyoteleza kwa sababu ni ngazi juu ya ngazi.

Ngome ya Mtakatifu Petro ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 15 na wapiganaji wa Kikristo wa vita vya msalaba waliokuwa na makao yao kisiwa cha Rhodes, na minara yake imepewa majina ya mataifa yao, mnara wa Waingereza, wa Wafaransa, wa Waitaliano. Mawe waliyatoa wapi? Waliyang'oa kwenye kaburi. Mausolus, mtawala wa hapo Halikarnassos, alifariki mwaka 353 KK, mke wake Artemisia, ambaye pia alikuwa dada yake (usiniulize mimi), akamjengea kaburi la urefu wa kama mita 45, moja ya yale maajabu 7 ya dunia ya kale. Matetemeko yakalibomoa, wajenzi wa ngome wakamalizia. Na jina la Mausolus ndo limezaa neno mausoleum, lile linalotumika kwa kaburi la Mzee Kenyatta pale Nairobi karibu na Bunge. Kwa hiyo neno lenyewe lilizaliwa hapo Bodrum, mwendo wa miguu kutoka bandarini.

Lakini nikwambie ukweli, ukienda kwenye eneo la kaburi lenyewe utakuta shimo, nguzo zilizovunjika na paka. Sanamu nzuri zilichimbwa na Mwingereza miaka ya 1850 na ziko London. Nusu saa inakutosha pale, wengine wanatoka wamekasirika kwa sababu walitegemea piramidi.

Kinachonirudisha mimi ni makumbusho yaliyomo ndani ya ngome, ya vitu vilivyotolewa chini ya bahari. Kuna chumba cha meli ya Uluburun. Meli hii ilizama yapata miaka 3,300 iliyopita karibu na Kaş, mashariki ya hapo. Mwaka 1982 mpiga mbizi wa sifongo aliona chini kabisa vipande vya chuma vyenye umbo la ajabu, kama ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa, akasimulia. Kumbe ni shaba. Wataalamu walizamia kuanzia 1984 mpaka 1994, mizamio zaidi ya 22,000, kina cha mita 40 na kitu kwenda chini. Walitoa tani kama 10 za shaba, tani 1 ya bati, mabonge ya kioo cha bluu, pembe za ndovu, meno ya kiboko, na magogo ya mti mweusi kutoka Afrika.

Huo mti mweusi walipoupima wakakuta ni mpingo. Mpingo huuhuu, wanaochongea Wamakonde. Sisemi ulitoka Lindi, mpingo unaota mpaka Sudan na Ethiopia na inaelekea ulishuka kupitia Misri, lakini ni mti uleule. Nilipomwambia mama mkwe, ambaye baba yake alikuwa anauza vinyago Mtwara, alisimama mbele ya kile kioo muda mrefu, watoto wanamvuta kanga hasogei. Halafu akasema, "Na wao walikuwa wanatunyonya tangu hapo?" Mlinzi alitushangaa tunavyocheka.

HATUA YA 6: Bahari, na jinsi inavyotofautiana na yetu

Kitu cha kwanza kitakachokuchanganya kama umekulia Tanga, Unguja au Mombasa: bahari ya kule haipwi. Yaani kupwa kupo, lakini ni kwa vidole tu, hukuoni. Hakuna kusubiri maji yajae ndo uoge, hakuna bamvua, hakuna kutembea kilomita kwenye mchanga kutafuta maji. Asubuhi maji yako pale, jioni yako palepale. Watoto wangu walijenga ngome ya mchanga saa 3 asubuhi wakaikuta kesho yake, wakaona muujiza.

Cha pili, mchanga ni mchache. Fukwe nyingi ni kokoto au gati la mbao unashuka kwa ngazi. Nunua viatu vya maji vya plastiki siku ya kwanza, dukani vimejaa, kwa sababu kwenye mawe kuna vile vidude vyeusi vya miiba na ukikanyaga likizo inageuka ya kuchokonoa mguu na sindano.

Cha tatu, upepo. Kiangazi kuna upepo wanauita meltem, unatoka kaskazini magharibi, asubuhi umelala na mchana unaamka. Kama wewe ni mtu wa kaskazi na kusi utauzoea. Oga asubuhi, na kama unakwenda ziara ya boti chagua siku iliyotulia, na wenye kichefuchefu wakae katikati ya boti sio mbele. Ziara zenyewe ni za siku nzima, boti inasimama ghuba 4 au 5, chakula cha mchana humohumo, unaruka majini na kupanda. Yale mashua makubwa ya mbao wanayaita gulet, yanaundwa hapohapo Bodrum, ukiyaona utakumbuka majahazi, ila haya yana vyumba vya kulala na bafu.

Kuhusu bichi klabu, uliza kabla hujakaa. Si kiingilio tu, kuna zinazokwambia lazima utumie kiasi fulani cha chakula, na kiasi hicho ukikibadilisha kwa shilingi utatafuta kiti ukae. Wewe tafuta bango la "halk plajı", ufukwe wa umma wa manispaa, kitanda na mwavuli kwa bei ya kibinadamu na maji ni yaleyale.

HATUA YA 7: Kula

Hapa nilipigwa. Agosti ile tulikaa mgahawa mmoja wa ufukweni, jina silitaji, meza miguu majini, mishumaa, tukachagua samaki kwa kunyoosha kidole kama tuko soko la samaki la Feri, Dar. Bei iliyoandikwa tulidhani ni ya samaki mzima, kumbe ni kwa kilo, na yule samaki alikuwa na kilo zake, na vile visahani vidogo vilivyoletwa kabla hatujaagiza navyo vikahesabiwa. Mwambie akupimie mbele yako, akuandikie jumla kwenye karatasi, ndo aende jikoni. Visahani usivyovitaka vikatae palepale, hawakasiriki.

Kama unataka samaki bila presha, nenda sokoni mjini wanakouza samaki wabichi, nunua, mgahawa wa jirani wanakukaangia kwa malipo kidogo.

Vya kujaribu: çökertme, ni nyama nyembamba juu ya chipsi zilizokatwa kama nyuzi, mtindi na rojo la nyanya. Maua ya mamumunye yaliyojazwa wali. Pweza wa kuchoma. Na ile soda ya chenza za Bodrum, baridi, mchana.

Lakini kwangu mfalme ni midye, kome waliojazwa wali wenye viungo, wanauzwa barabarani usiku kwenye sinia. Muuzaji anamfungua mmoja, anakamulia limau, anakupa. Unatumia gamba la juu kama kijiko kuchota la chini. Ukimaliza ameshakufungulia mwingine, na mwingine, hasimami mpaka useme basi, halafu anahesabu magamba. Mke wangu alisema anaonja tu. Magamba 19. Cha kuangalia ni mahali penye wateja wengi, kwa sababu kome waliokaa juani ni hospitali hiyo.

Halali si tatizo, nyama ya nguruwe huioni kirahisi na misikiti iko kila kona, ila pombe ipo kila mahali pia, asije mtu akashangaa.

Masoko ya wiki ni raha kuliko maduka: Yalıkavak Alhamisi, Turgutreis Jumamosi. Taulo za pamba, zeituni, tini kavu. Bei ya kwanza ni salamu tu, wewe endelea.

Mengine ya harakaharaka

Plagi za kule ni pini 2 za mviringo, za kwetu za pini 3 haziingii, beba adapta. Maji ya kunywa nunua ya chupa. Badilisha hela kidogo kidogo, lira inashuka na bei zinapanda, kwa hiyo bei mtu aliyokwambia mwaka jana isahau. ATM zinakata ada, linganisha 2 au 3 kabla hujakubali.

Lugha usiogope. Saat ni saa, dakika ni dakika, haber ni habari, sabun ni sabuni, çay ni chai, tamam ni sawa. Ukitaka bili unasema "hesap", hesabu hiyo. Na ufukwe au pwani wanaita sahil, kwa hiyo kila nilipokiona kibao cha sahil nilikuwa nawaambia watoto haya, tumefika kwetu.

Kos, kile kisiwa cha Wagiriki unachoona taa zake usiku, boti inafika haraka tu kutoka bandarini. Lakini kule ni Schengen, unahitaji viza yake, na hapa ndo narudi kwenye ile ya mwanzo: kama viza yako ya Uturuki ni ya kuingia mara 1, ukivuka kwenda kula ice cream Kos hurudi, na mabegi yako yako Ortakent.

Jioni ya mwisho muende Gümüşlük. Ndo ulipokuwa mji wa kale wa Myndos, sehemu ya ukuta wake imezama, na mbele ya kijiji kuna kisiwa kidogo cha sungura, watu wanatembea kukielekea juu ya ule ukuta, maji yanafika magotini. Kama siku hiyo wamezuia, usilazimishe, kaa ufukweni. Na dolmuş ya mwisho kurudi muulize dereva wakati unashuka, sio wakati umeshashiba, sisi tulirudi na lifti ya muuza machenza.